Jawabu la Kwanza la Don Gaspar

Santa Inés Chuabaj, Guatemala
2 Februari 2025

Mama yangu mpenzi,

Ulisema hutaki maneno mazito kwenye simu, kwa sababu Miska huiweka juu ya meza, sauti ikatoka, na nyumba nzima ikasikiliza mambo ya kaka yake. Basi nimekaa naandika kwa mkono kama ulivyotaka. Barua naitia ndani ya sanduku la sampuli za kahawa linalokwenda kwa bosi wangu Alkesh, naye atakuletea hapo Woolwich. Ikinuka kahawa usinilaumu.

Umeniuliza mji huu ukoje. Ni mdogo, umekaa mgongoni mwa mlima, na asubuhi mawingu huwa chini yetu. Kahawa wanaianika kwenye sakafu za saruji, wanaipindua kwa reki mpaka alasiri, na wingu likinyemelea kila mtu hukimbia kuianua, mwenye viatu na asiye na viatu. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu. Nilikukumbuka wewe na karafuu kule Pemba, ukitufokea tuanue.

Kanisa lao lina kengele lakini halina mnara. Mnara ulianguka kwenye tetemeko la mwaka sabini na sita, kengele wakaitundika kwenye gogo uani, kwa muda tu, na muda huo sasa una miaka arubaini na tisa. Wanawake wanajifumia nguo wenyewe, nyuzi zimefungwa mtini upande mmoja na kiunoni mwao upande wa pili, na kila mji una maua yake ya blauzi. Ukimkuta mwanamke kwenye soko la mbali unajua katoka wapi kabla hajafungua mdomo. Anayenisimulia haya ni bibi mmoja, doña Catarina. Hiyo "doña" ni heshima, kama sisi tunavyosema "bi", na mwanamume huitwa "don". Alkesh alitaka habari fupi za kubandika kwenye mifuko ya kahawa. Nimeshajaza daftari mbili.

Bibi huyu ana mjukuu, Petrona, mwalimu wa skuli. Baba yake ni don Gaspar, mkuu wa ushirika wa kahawa. Mama, nimempenda, naye kanipenda. Hatujakaa faragha hata siku moja, mji wote ni shahidi. Nataka mniposee. Ni Mkristo, na nimelisema mapema usije ukalikuta huko mbele ukanuna.

Mwanao,
Miraji


Woolwich, London
21 Februari 2025

Miraji mwanangu,

Alkesh kaleta barua mwenyewe, kaingia na viatu mpaka zuliani, kanywa vikombe viwili vya chai akisubiri niifungue mbele yake. Sikuifungua. Kaondoka kanuna.

Kwanza nikuulize. Miaka minane nimekutajia mabinti wa watu, wa Tottenham, wa Lewisham, hata yule daktari wa meno wa Leicester, na kila mmoja ulisema bado. Kumbe ulikuwa unamsubiri wa mawinguni.

Sijakasirika. Nimeisoma barua yako mara tatu na mara ya tatu nilikuwa nacheka. Nimepanda basi la 54 mpaka Lewisham kwa ami yako Vuai, maana tangu baba yako atangulie mbele ya haki yeye ndiye mwenye neno. Aliposikia Mkristo alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akasema watu wa kitabu wanaruhusiwa, akauliza kama nina karatasi nzuri. Unamjua alivyo. Alikuwa karani wa mahakama Wete, na mpaka leo ukoo mzima ukitaka barua ya posa humwendea yeye, na haijarudi hata moja.

Wewe kaa kimya. Mwenye kuposa haisomi barua yake wala haulizi imefika wapi. Ami ataipeleka kwa don Gaspar moja kwa moja, si kwa sanduku la kahawa ukaichungulia. Jawabu likija utaambiwa.

Ila nakuuliza moja, unijibu kweli. Mkioana mtakaa wapi?

Mama yako,
Time


Lewisham, London
1 Machi 2025

Kwa Mheshimiwa don Gaspar Tzoc,

Baada ya salamu na heshima zinazokustahiki, mimi ni Vuai Makame, ami wa kijana Miraji Shaame ambaye mnamwona hapo kwenu. Kwa kuwa ndugu yangu Shaame hayupo tena duniani, mimi ndiye ninayesimama mahali pake kuleta ombi hili.

Kijana wetu ameona ua katika bustani yako. Hakulichuma wala hakuligusa, bali amerudi kwa wazee wake na kutuomba tuje kwa mwenye bustani. Tunamwomba binti yako Petrona awe mke wa kijana wetu, kwa heshima yake yote na kwa masharti mtakayoyataja.

Pamoja na barua hii pokeeni halua, udi, na shali ya mama wa nyumba. Mkitupa jawabu jema tutashukuru. Mkitunyima, hatutausumbua mlango wenu tena.

Wenu katika heshima,
Vuai Makame

Barua hii imefasiriwa kwa Kispanyola na Bi Luz, mfanyakazi wa Alkesh, na nakala zote mbili zimo bahashani.


Santa Inés Chuabaj
27 Machi 2025

Señor Vuai,

Barua yako imefika. Tulikaa watu wote wa nyumba tukasomewa.

Binti yetu bado ni mdogo. Chapati za mahindi zinamuungua na kazi za nyumba hajazijua. Hatuna msichana wa kuozesha.

Mzigo wenu tunaurudisha kama ulivyokuja. Hatukuufungua.

Gaspar Tzoc


Lewisham
12 Aprili 2025

Shemeji Time,

Mzigo umerudi leo. Fundo la kamba nililolifunga kwa mkono wangu halijaguswa. Jawabu limo ndani ya bahasha hii, Alkesh kaligeuza Kiswahili.

Mwalimu wa skuli mwenye miaka ishirini na tisa naambiwa ni mdogo. Bora angesema hatutaki watu weusi, au hatutaki Waislamu, ningejua la kujibu. Huyu kanipa chapati zilizoungua kama mtu anayemfukuza muuza sabuni mlangoni.

Nilimwandikia kwamba tukinyimwa hatutausumbua mlango wake. Neno hilo ni langu na nitalishika. Mtu muungwana huomba mara moja. Mwambie Miraji kwa namna utakayoona, mimi sina uso wa kumwambia.

Halua nimewapa watoto wa jirani. Udi nimekuwekea wewe.

Vuai


Woolwich
16 Aprili 2025

Mwanangu Miraji,

Sisi huku hatujambo. Watoto wa Miska wananisalimia kwa Kiingereza na mimi nawajibu kwa Kiswahili, na chakula kinaliwa vile vile. Juzi nimemwona Pushpa, yule tuliyekuwa tukifanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee, kakuulizia.

Kuhusu lile jambo lako, ami yako mgongo unamsumbua na hajaandika bado. Usimsukume. Mambo haya hayatendwi kwa pupa, na huenda ukikaakaa ukaona mwenyewe kwamba London kuna watu pia.

Kahawa yenu Alkesh kaniletea mfuko. Nzuri, lakini haina tangawizi.

Hukunijibu mtakaa wapi.

Mama yako,
Time


Santa Inés Chuabaj
25 Mei 2025

Mama,

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa muoga. Nitakujibu leo, lakini kwanza nikueleze yanayonikuta.

Tangu mwisho wa Machi nyumba ya don Gaspar imenigeukia. Mwanzo sikujali, nilidhani ni shughuli za mavuno. Lakini wiki baada ya wiki don Gaspar anazungumza nami kahawa tu, kisha huangalia saa. Petrona akiniona sokoni huvuka upande wa pili wa njia. Jana nikamsimamisha mbele ya watu nikamuuliza nimekosa nini. Macho yamemjaa machozi, kaniambia, "Waulize wazee wako." Niwaulize nini, na Ami hata kalamu hajaishika? Sielewi.

Aliyebaki kunichangamkia ni doña Catarina. Leo kanisimulia habari ya mababu zao, nami nakuandikia ili Ami aijue kabla hajaandika barua yake.

Zamani, anasema, walikuja watu kutoka mashamba makubwa ya pwani kutafuta vibarua. Walikuja na pombe na karatasi. Waliomba mara moja tu, mtu akanywa, akabonyeza dole gumba, na kesho yake akateremshwa kwenye joto la chini kuchuma kahawa ya wengine. Wapo waliorudi na homa, wapo wasiorudi. Mji ukaapa kwamba kitu chochote kinachomtoa mtu nyumbani kwake hakipewi anayeomba mara moja. Mpaka leo hata ng'ombe hauzwi kwa ombi la kwanza.

Na binti ndiyo kabisa. Mara ya kwanza mkipeleka posa, zawadi hurudishwa bila kufunguliwa, mkaambiwa msichana ni mdogo, hajui kupika. Hapo mtu anatazamwa kama ataudhika aende zake. Mara ya pili maneno ni yale yale, ila zawadi haiondoki tena. Mara ya tatu wazee huja kwa miguu yao, wakakaa kwenye benchi nje ya mlango mpaka wafunguliwe. Yeye Catarina aliombwa mara nne, kwa sababu baba yake hakupenda pua ya mkwe. Anayeomba mara moja akanyamaza, wanasema huyo hakuwa anamtaka mtu, alikuwa anataka kibarua. Ni tusi kubwa, mama. Mwambie Ami asije akakata tamaa kwa jawabu la kwanza.

Sasa swali lako. Mwaka themanini na mbili vita vilifika hapa, mji wote ukakimbia kuvuka mpaka, na nyumba zilikaa tupu miaka kadhaa. Waliorudi walikuta skuli imeota miti ndani. Petrona anafundisha katika skuli hiyo, na walimu ni watatu tu. Hataondoka, na mimi siwezi kumwomba aondoke. Don Gaspar hana mtoto wa kiume. Nikimuoa, nitakaa huku.

Nilitaka kulificha mpaka baada ya harusi. Nisamehe.

Miraji


Woolwich
12 Juni 2025

Mwanangu Miraji,

Kaa chini kabla hujasoma.

Ami yako aliandika tangu tarehe mosi Machi. Don Gaspar akajibu. Alisema binti ni mdogo na chapati zinamuungua, na mzigo akaurudisha na fundo lake. Nilijua tangu Aprili. Nilikudanganya. Ule mgongo wa Ami ni mzima, anapanda ngazi za stesheni kunishinda mimi.

Nikikuambia nilikuficha kwa kukuhurumia, nitakuwa nimekudanganya mara ya pili. Nilipoisoma ile barua ya kukataliwa, mwanangu, nilifurahi. Ami alikuwa kavimba kwa hasira mbele yangu na mimi nilitikisa kichwa kwa masikitiko, huku moyoni nasema alhamdulillahi, mwanangu atarudi. Nilikuwa nimeshaotea, tangu ulipoacha kunijibu, kwamba huna nia ya kurudi. Nikaona Mungu kanisaidia na mimi sikunyanyua hata kidole.

Kisha ikaja barua yako hii. Niliisoma jikoni nimesimama. Nikamwona yule msichana anavuka njia, analia, anadhani watu wa Miraji walimtaka mara moja kama anavyotakwa kibarua. Na hapa Woolwich alikuwepo mtu mmoja tu anayejua pande zote mbili. Ningenyamaza, nani angenijua? Nilinyamaza siku tatu. Siku ya nne nilishindwa kusali vizuri.

Nikaenda Lewisham nikamsomea Ami barua yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema habari nzuri ya kihistoria, lakini yeye neno lake ameshaliandika na kulitia sahihi. Nikamwomba, nikamfokea, nikamwomba tena. Hakubanduka.

Basi nimeandika mimi. Najua mwanamke haandiki barua ya posa, bibi yako angezimia. Barua imeshaondoka. Usiichungulie, ingawa hili nalisema kwa mazoea tu.

Umenificha, na mimi nimekuficha. Tusameheane, yaishe.

Mama yako anayekupenda,
Time


Woolwich
12 Juni 2025

Kwa don Gaspar Tzoc na watu wote wa nyumba yake,

Mimi ni Time, mama yake Miraji. Kwetu barua hii huandikwa na wanaume. Mwanamume wetu aliandika, mkamjibu, naye akaudhika, kwa sababu kwetu muungwana akikataliwa huinamisha kichwa akaondoka. Anaona kurudi ni kumkosea adabu mwenye nyumba. Hatukujua kwamba kwenu kutorudi ndiyo kukosa adabu. Miezi hii yote mlikuwa mkitusubiri, na sisi tulikuwa tukiwaheshimu kwa kunyamaza. Msimlaumu mwanangu, alikuwa hajui hata kama barua imetumwa.

Kosa lililobaki ni langu. Mlipokataa, mimi nilifurahi, kwa sababu nilitaka mwanangu arudi kwangu. Nawaambia ili mjue anayewaandikia ni mtu wa namna gani.

Mwanangu kanieleza kwamba mji wenu ulihamwa wote. Mimi mwaka elfu mbili na moja niliondoka Pemba na watoto wawili, mmoja nimembeba, mmoja nimemshika mkono, tukavuka mpaka Shimoni, Kenya, na mkeka mmoja. Yule wa mkononi alikuwa Miraji. Alikuwa na miaka saba na aliniuliza nani atawapa kuku chakula. Mtoto huyo ndiye namtoa kwenu. Sisemi nawaazima.

Namwomba Petrona. Naomba mara ya pili, na nitaomba tena.

Pamoja na barua hii kuna kofia. Kwetu kofia hutiwa viua kwa sindano, tundu moja baada ya jingine, na hii imenichukua miezi kumi na minne. Nilikuwa namshonea Miraji aivae siku ya harusi yake, popote itakapokuwa. Sasa naileta kwa baba wa binti. Miraji nitamwanzia nyingine.

Time binti Faki


Santa Inés Chuabaj
8 Julai 2025

Señora Time,

Barua yako imefika. Ilisomwa mara mbili, kwa sababu mama yangu Catarina masikio ni mazito akitaka yawe mazito.

Binti yetu bado ni mdogo. Chapati bado zinamuungua. Hatuna msichana wa kuozesha.

Mvua huku hukatika mwezi wa kumi na moja. Kabla ya hapo barabara hubomoka, na simshauri mtu mzima kuipita. Basi huondoka mji wa chini saa kumi na mbili asubuhi, na upande wa kushoto ndio usio na bonde, kwa mwenye kuogopa. Mama yangu anauliza kama wazee wa kwenu wanakula maharage, au wapikiwe kitu kingine.

Kofia imenitosha.

Gaspar Tzoc


Woolwich
24 Julai 2025

Shemeji Vuai,

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na nikija unajifanya umelala.

Nimekataliwa. Jawabu la don Gaspar nimelitia humu, Alkesh kaligeuza na mara hii kalia mwenyewe dukani mbele ya wateja. Nimemuuliza kama kuna sanduku lolote lililorudi. Kasema hakuna. Nimemwambia atazame stoo, katazama. Nimemwambia aulize kwa watu wa mizigo, kauliza. Hakuna kilichorudi.

Miraji kaniandikia mistari miwili tu, kwamba Petrona kamsalimia mbele ya kanisa, na kwamba hawezi kuandika zaidi.

Sasa inabaki mara ya tatu, ya miguu. Wewe ulimwandikia kwamba hutausumbua mlango wake, na mimi nayaheshimu maneno yako. Lakini soma vizuri alichoandika kuhusu basi na maharage. Mlango wenyewe unasubiri kusumbuliwa. Aliyelitoa neno lile ni wewe, na anayeweza kukufungua nalo ni mwenye mlango, na keshakufungua. Toa lile koti lako zito, kule baridi. Novemba tunaondoka.

Nikuambie na jingine, kisha nimalize. Nakwenda kuomba binti wa watu, na najua nitarudi Woolwich bila ya mwanangu. Hilo nimeshalilia, jikoni, peke yangu, na naona nitalilia tena kwenye ndege ya kurudi. Nimekubali. Ila don Gaspar anaweza kutuweka nje saa nyingi, ndivyo wanavyofanya, na huko nje hawa watu wameweka benchi refu. Usiniache nikalikalia peke yangu.

Shemeji yako,
Time